Mikono ya Kine wa Katoyi

Mguu wangu wa kulia uliacha kuaminika siku volkano ilipolipuka. Sikuunguzwa na chochote. Lava ilishuka kutoka upande wa Munigi, ikapita katikati ya mji wa Goma kuelekea ziwani, na sisi wa Ndosho tulikuwa magharibi yake. Lakini hakuna aliyekaa kungoja aone kama itageuka. Tulikimbia na watu wote kwenda Sake, mama mbele na godoro kichwani, mimi nyuma na robota la vitenge vyake. Mahali fulani barabarani nilikanyaga jiwe la lava ya zamani, yale mawe yenye matundu na makali, mguu ukapinduka kwa ndani na nikasikia kitu kinakatika. Nikaendelea kutembea kwa sababu kila mtu alikuwa anatembea.

Tuliporudi tulikuta nyumba yetu ipo. Kibanda alimouzia mama vitenge katikati ya mji kilikuwa chini ya mawe yaliyokuwa bado yanatoa moshi. Kifundo changu kilivimba, kikabadilika rangi, kikapungua, nami nikajihesabu kuwa nimepona. Nilikuwa nacheza basketi katika timu ya wasichana, na uwanja wetu ulikuwa umesalimika. Jioni ya kwanza niliporuka kuchukua mpira na kushukia mguu ule, ukapinduka upya. Ukapinduka tena kwenye ngazi za kanisa. Ukapinduka nikiwa nimesimama tu njiani naongea na mwenzangu, bila kukimbia wala kuruka.

Mtu asiyepatwa na hilo hawezi kujua linavyochosha. Nilianza kutembea nikitazama chini. Nilichagua kila jiwe. Wenzangu wa timu walinipigia pasi kwa shingo upande, kwa sababu hawakujua kama nitaufikia mpira nikiwa nimesimama au nimelala. Mmoja alisema kuna mtu ananifanyia kitu. Mwingine alisema najilegeza ili nisikimbizwe mazoezini. Kocha peke yake ndiye hakunisema vibaya. Alikuwa kijana wa Butembo kama sisi, na alipopita kwetu kunijulia hali alimsalimia mama kwa Kinande, lugha ya kwetu, mama akafurahi na kumwekea chai.

Mama alinipeleka kwanza kwa mama mmoja wa Munigi aliyesifiwa kwa kutengeneza mifupa. Alinikanda kwa mafuta ya moto na kunivuta mpaka nikauma kitenge changu. Kwa muda nilipata nafuu, kisha mguu ukarudia tabia yake. Ndipo kocha aliposema kuna kine anakaa Katoyi. Kine ni yule mtu wa hospitali anayerudisha viungo kwenye kazi yake baada ya kuumia. Huyu asubuhi alikuwa hospitalini, na mchana alipokea wachezaji katika chumba cha mbele cha nyumba yake.

Papa, baba yangu, hakupenda. Alikuwa na lori la buluu, na wakati ule kuwa na lori kulimfanya mtu achague maneno. Mji wa Goma ulikuwa mikononi mwa waasi. Kwetu Butembo kulikuwa mikononi mwa waasi wengine, na hao wawili walikuwa maadui. Papa alipita kati yao akileta maharage na vitunguu, na kila upande ulimwona kama mtu wa upande mwingine. Nyumbani tulifundishwa kutotaja siku atakayorudi. Sasa akasikia kwamba mbele ya mlango wa kine yule husimama gari la kijeshi, jipu.

“Enda,” aliniambia mwishowe, kwa sababu mama alikuwa amemsumbua. “Lakini kule ni mguu tu ndiyo unapeleka. Mdomo uache hapa.”

Kine alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, Mwislamu wa ukoo uliotoka Maniema. Chumba chake kilikuwa na mkeka, kitanda kirefu cha mbao na benchi ya kungojea. Hakunigusa mara moja. Alinisimamisha mbele ya ukuta, vidole vya mguu karibu nao, akaniambia nisukume goti mpaka liguse ukuta bila kuinua kisigino. Goti la kushoto liligusa. La kulia lilibaki hewani kana kwamba kuna mtu amelishika.

Akanieleza kwamba juu ya kisigino kuna mfupa unaobeba uzito wote, na kwamba nilipoanguka mfupa huo ulisogea mbele kidogo na kukwama hapo, wakati kano za pembeni zililegea. Kwa hiyo mguu umekwama na umelegea, vyote kwa pamoja. Nilimsikiliza nikiwaza kwamba huo ni usemi wa mtu anayetaka urudi kwake mara nyingi. Kitu kilichokwama kinalegeaje?

Kisha akapitisha mkanda nyuma ya mundi wangu na kuuzungusha kiunoni mwake, akabana sehemu ya mbele ya kifundo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, akaniambia niinamie mbele polepole. Yeye aliegemea nyuma ili mkanda uvute mundi mbele, huku mkono wake ukiuzuia ule mfupa usifuate. Nilingoja maumivu, hayakuja. Tulirudia kadiri alivyotaka, kisha akanirudisha ukutani. Goti liligusa.

Hilo ndilo lililonitia shaka zaidi. Mama wa Munigi alikuwa ameniumiza, na maumivu nayaelewa. Huyu hakuniumiza, na mguu ulikunjika. Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika amenifanyia mchezo ambao sijaugundua bado, na kweli keshoye goti lilikuwa limekataa tena kugusa ukuta. Nilipomweleza, hakushangaa. Alisema mfupa umeshazoea mahali pabaya, na ni lazima kuuzoeza mahali pazuri.

Basi nikawa nakwenda. Baada ya mkanda alinisimamisha kwa mguu mmoja juu ya sponji iliyokunjwa, mikono kifuani, macho yamefumbwa. Mguu ukianza kuyumba, alisema, uuache ujirudishe wenyewe. Kusimama niliweza. Kufumba macho katika nyumba ile sikuweza. Nilifumba moja nikaacha lingine wazi kidogo, na kupitia uwazi huo nilitazama mlango.

Kwa sababu jipu ilikuwepo kweli. Kamanda aliyekuja nayo alikuwa na mguu wa kushoto uliopigwa risasi zamani, na alikaa kwenye benchi pamoja nasi wengine huku askari wake wamesimama nje. Alipoingia, mazungumzo yote yalikatika. Kine alimshika mguu vilevile alivyoshika wangu, na kumuuliza vilevile kama amelala vizuri.

Tena kine aliuliza maswali. Siku moja, mkono wake ukiwa juu ya kifundo changu, aliniuliza papa yangu anarudi lini kutoka Butembo. Aliuliza kwa sauti ya chini, bila kuinua kichwa. Nilisema sijui. Juma lililofuata akauliza tena, safari hii akitaka kujua kama lori la papa hubeba na watu. Nilisema sijui. Akabonyeza nyama ya mundi wangu kwa kidole.

“Mguu yako imekuwa nguvu sasa hivi,” akasema. “Nikitaja papa yako, inakuwa kama mbao. Mi siwezi kufanya kazi na mbao.”

Siku ileile, nikiwa nafunga kamba za viatu, kamanda aliyekuwa kwenye benchi alinigeukia.

“Weye njo binti ya ule muzee wa lori ya bulu?” akauliza. “Mwambie siku moja atatubebea nasi vitunguu.”

Askari mlangoni alicheka. Mimi sikuwa nimemwambia kamanda jina langu wala kwetu. Niliondoka nikiwa na hakika kwamba kine ndiye aliyemwambia, na kwamba kila swali aliloniuliza akinishika mguu lilikuwa linapelekwa kwenye benchi ile. Nilimweleza papa neno kwa neno. Papa akasema basi, Katoyi kumekwisha.

Sikwenda tena. Lakini haikupita muda mrefu, alasiri moja yenye mvua, kine alikuja Ndosho mwenyewe kwa miguu, suruali imelowa mpaka magotini. Papa alikuwepo. Hakumkaribisha ndani, alimpa kiti chini ya bati la mlangoni, naye akabaki amesimama. Mama na mimi tulikuwa nyuma ya pazia. Kine aliuliza hali za watu wa nyumbani, akaulizwa hali za watu wa kwake, na hapo ndipo sauti yake ilipobadilika.

“Papa, bibi yangu iko Butembo,” alisema. “Alienda na mimba kuzika mama yake, barabara ikafungwa nyuma yake. Mutoto wetu ameanza kutembea na mi sijamuona. Banasema unapitishaka batu kati ya magunia.”

Papa alimuuliza nani anasema. Kine alisema wachezaji wanasema, wagonjwa wanasema. Papa akamuuliza juu ya yule kamanda.

“Analeta mguu yake. Siwezi kumukataza. Na mbele yake siwezi kusema bibi yangu iko kule kwa maadui yake. Ndiyo maana niliuliza binti yako pole pole.”

“Au yeye ndiye amekutuma,” papa akasema.

“Hata mimi niliogopa wewe,” kine akajibu. “Mutu anayepita kila mara bila kukamatwa, niliwaza labda ni mutu yao.”

Papa akasema ataangalia. Kine alipoondoka, papa alikaa kwenye kiti kile kilicholowa. Kisha akatuambia atakalofanya. Angekubali. Angepokea maelekezo ya nyumba alimokuwa yule mwanamke. Lakini angemwambia kine kwamba atarudi siku ya Alhamisi, na kumbe angerudi Jumamosi. Alhamisi askari wakijaa kwenye kizuizi cha Munigi kungojea lori la bulu, tutakuwa tumemjua. Nami nirudi Katoyi kama kawaida, ili asihisi kitu.

Ndivyo ilivyokuwa. Papa akaenda zake, nami nikarudi kwenye mkanda na sponji. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kutibiwa kama nilivyotibiwa siku hizo, mkono wa mtu ukiwa kwenye kifundo changu na mimi namtazama utosini nikijiuliza kama amekwisha kutuuza. Yeye alifanya kazi yake. Aliniambia nipumue. Hakuuliza tena juu ya papa, na hilo pia nililihesabu kama dalili.

Alhamisi ilifika. Baba mdogo, mdogo wake papa, aliuza makala, yaani makaa ya kupikia, karibu na kizuizi cha Munigi, na mama alimwomba atazame. Jioni alikuja kutuambia kwamba askari walikuwa walewale wa kila siku, wanasinzia. Hakuna aliyeongezeka. Ila kulikuwa na mtu mwembamba mwenye shati jeupe aliyesimama kando ya barabara tangu mchana, akitazama kila lori linaloshuka, mpaka mvua ikamfukuza.

Mama alisema huenda ni ujanja wa kine, kwamba alisimama pale kuwaonyesha lori. Mimi nilisema kuwaonyesha nani, ikiwa askari walikuwa wanasinzia? Tulilala na shaka hiyo, kila mmoja na yake.

Jumamosi mchana mtu wa chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali zinazoteremsha mizigo kutoka kaskazini, alisimama mbele ya nyumba yetu na kusema lori la papa limekamatwa Munigi. Askari walikuwa wengi na walikuwa wanalingoja tangu asubuhi. Jipu ya kamanda ilikuwepo.

Mama aliketi chini palepale. Mimi nilikimbia Katoyi. Sikwenda kuomba msaada. Nilitaka kumwona kine uso atakapopata habari hiyo, kabla hajapata nafasi ya kuuandaa. Njia yote ni mawe, na mahali pamoja mguu ulianza kupinduka, kisha ukajirudisha kabla sijajua. Sikusimama kuufikiria.

Nilimkuta anafunga bandeji mguu wa kijana mmoja wa futiboli. Nikasema lori la papa limekamatwa. Bandeji ilimtoka mkononi na kujikunjua mpaka mlangoni.

“Leo? Si ilikuwa Alhamisi?” Kisha, taratibu zaidi: “Bibi yangu iko ndani?”

Nikasema sijui. Alitoka na malapa aliyokuwa nayo miguuni. Tulipanda pikipiki moja, sisi wawili nyuma ya dereva.

Kule Munigi papa alikuwa amekalishwa chini bila shati. Magunia ya vitunguu yalikuwa yametupwa barabarani, na juu ya gunia moja alikaa mwanamke kijana, mavumbi mpaka kwenye nyusi, amebana mtoto kifuani. Kine alimwona, lakini hakumwendea. Alikwenda kwa kamanda kwanza, akasimama mbele yake mikono nyuma kama mwanafunzi.

“Kamanda, ule mwanamke ni bibi yangu. Na ule mutoto ni wangu.”

Kamanda alimtazama, akamtazama mwanamke. “Kila siku unashika mguu yangu,” akasema. “Na hukuniambia?”

“Niliogopa.”

Nilidhani atampiga. Alijipapasa goti tu. Kisha akafanya ishara kwa mkono na mwanamke akashuka. Mtoto alipowekwa chini alitembea kidogo kwenye mavumbi, akamwona baba yake asiyemjua, akarudi haraka kwenye kitenge cha mama yake. Kamanda akasema huyo kine achukue watu wake aende. Lori na mwenye lori walibaki.

Papa walimfunga. Kila siku mama alipeleka chakula na kurudishiwa sahani tupu, bila kujua nani amekula. Sisi tulibaki na swali. Siku ya kweli, Jumamosi, ilijulikana ndani ya nyumba yetu tu, na sasa hatukuweza tena kumtupia kine lawama.

Yeye ndiye aliyetuletea jibu. Kamanda aliendelea kwenda kwake kwa ajili ya mguu, na kine alituambia kwamba mtu aliyelala na mguu wake mikononi mwako huongea bila kujilinda sana. Alimuuliza kama kwa mzaha, walijuaje? Kamanda akasema ni kocha wa wale wasichana wa basketi.

Mama alikataa kabisa. Alisema kine anataka kujisafisha kwa kumchafua mtoto wa kwetu. Aliendelea kukataa kwa maneno mengi, kisha maneno yakapungua, akaketi. Jumanne ya juma lile kocha alikuwa amepita kusalimia. Aliongea Kinande, alikunywa chai, alisema angependa kumwona muzee akirudi. Naye mama alikuwa amemjibu kwamba Jumamosi, Mungu akipenda. Hakuona kuwa amesema kitu. Papa alikuwa amekataza kuwaambia watu wa nje, na kwa mama yule hakuwa wa nje.

Nikakumbuka kwamba ni kocha pia aliyejua mimi ni binti wa nani, na ndiye aliyenipeleka Katoyi, mahali ambapo kamanda angeniona.

Nilimfuata uwanjani baada ya mazoezi, wenzangu walipokuwa wamekwenda. Nilimuuliza bila kuzunguka. Alikuwa anakusanya mipira kwenye wavu, na aliendelea kuikusanya.

“Kaka yangu iko kwenye kasho yao, wamemufunga,” akasema. “Walinipatia uwanja tuchezee, kisha wakaanza kuniuliza batu. Ningewapa nani? Niliwapa gari. Niliwaza watachukua gari tu.”

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, na huo nilikuwa na la kuujibu. Niliweka jezi yangu juu ya wavu wa mipira na kuondoka. Sikucheza tena katika timu ile, na baadaye nilisikia kwamba yeye pia aliondoka mjini. Kama kaka yake alitoka, sikupata kujua.

Papa aliachiwa bila maelezo. Lori lilirudishwa baadaye likiwa limeegemea upande, matairi ya nyuma yamebadilishwa na mabovu. Sijui kama kine alimwombea. Nilimuuliza, akasema hapana, na kwa jinsi alivyosema haraka nilidhani ni ndiyo.

Mimi niliendelea na matibabu. Sasa chai ililetwa na bibi yake, na mtoto alizunguka kwenye mkeka akijaribu kusimama kwa mguu mmoja kama wagonjwa. Nilifumba macho yote mawili. Goti liliendelea kugusa ukuta kwa siku nyingi zaidi kila mara, mpaka ikawa halihitaji tena mkanda. Nilipata timu nyingine na nikacheza misimu kadhaa. Mguu haukurudi kuwa kama wa kushoto. Siku za baridi hukakamaa, na kwenye mawe bado natazama chini. Ila ukianza kupinduka, unajirudisha.

Papa alitoka kifungoni na mgongo mbaya, kwa kulalia saruji. Kine alijitolea kumtazama. Papa akasema mgongo ni wa uzee. Kine akaja mara nyingine, papa akasema ana safari, wakati lori lilikuwa bado juu ya mawe likingoja matairi. Mwishowe mama alimkasirikia, akatandika mkeka sebuleni na kumwambia alale.

Alilala kifudifudi, kichwa amekigeuza upande wa kine ili asimpoteze machoni. Kine alipaka mikono mafuta, akaanza kubonyeza kando ya uti wa mgongo, akishuka kidogo kidogo.

“Hapo unafanya nini?” papa akauliza.

Kine akamweleza. Akasogea chini kidogo.

“Na hapo?”

Akamweleza tena, kwa subira ileile. Nilikaa kizingitini nikiwasikiliza, na mchezo ule uliendelea mpaka mafuta yalipokwisha kwenye kisosi.